Kitenge Kilichomuumiza Mama Macho

Harufu ya kitenge kipya ina wanga ndani yake, ina mafuta ya taa kidogo, na ina kitu kingine ambacho mpaka leo sijakipatia jina. Juzi niliingia duka la nguo pale Mbugani kutafuta sare ya harusi ya binti wa jirani. Mwenye duka akakikunjua kitenge mbele ya uso wangu, pwaa, kama wanavyofanya wakitaka uone rangi, na harufu ile ikanivaa. Nikasahau kilichonileta. Nilisimama pale kama mtu aliyepigwa sindano ya ganzi, nimerudi kuwa mtoto wa darasa la pili, na mama yangu yuko mbele yangu amejifunika uso kwa kanga.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Enzi zetu mtu akiumwa kichwa alipewa kidonge cheupe akaambiwa alale, akiamka kazi iendelee. Nani alikaa chini kukuuliza kichwa kinauma vipi? Mama yangu alikuwa na kichwa chake, na sisi nyumbani tulikizoea kama mgeni anayekuja bila taarifa na kuondoka anapojisikia. Kwamba kinaitwa kipandauso nilikuja kujua ukubwani. Yeye alisema neno moja tu: "Vinakuja."

Nilimwuliza siku moja vinakuja nini. Akaniambia anaona kitu kama meno ya msumeno kinametameta pembeni mwa jicho, kinakua polepole, kinacheza, halafu sehemu ya kila anachokitazama inapotea. Akinitazama mimi anaona sikio na bega, uso haupo. Hapo ndipo maumivu yanapoingia, upande mmoja wa kichwa, na mwanga wowote unakuwa mwiba. Mimi nikamwonea wivu, jamani! Nilidhani amepewa sinema yake peke yake na ananinyima.

Na vilivyomletea vilikuwa vitu ambavyo huwezi kuvikimbia ukiishi Kyela. Jua la mchana likipiga maji ya ziwa. Bati jipya la jirani. Njia ya kwenda shambani katikati ya migomba, upepo ukiyatikisa majani, mwanga unawaka na kuzima juu yako kila unapopiga hatua. Hata mkeka wa milia aliugeuza upande wa chini ndipo aukalie. Akishindwa kabisa alilala chumbani, dirisha limezibwa kwa gunia, kitambaa cha maji baridi usoni na ndoo ya kutapikia pembeni. Kesho yake asubuhi ukiamka unamkuta ameshatoka shambani, anakuuliza kwa nini hujanawa uso. Sijui mwanamke yule aliumbwa kwa udongo gani. Mimi nikipata mafua natangaza mtaa mzima.

Tuliishi kwa Babu, baba yake baba. Baba mwenyewe alikuwa baharia kwenye meli za bandari ya Itungi, leo yupo, kesho yuko kusini huko ziwani, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: mama, Babu na mimi. Na sisi Wanyakyusa tunajulikana. Mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani, hawazungumzi uso kwa uso, hawakutani njiani. Siku hizi wengi wameiacha desturi hiyo, utawaona wanakula meza moja na kucheka, lakini nyumbani kwetu ilishikwa barabara. Mama akisikia kikohozi cha Babu kinakuja kwenye njia, alichepuka mara moja akaingia kwenye mikakao, kanga kichwani, uso kando, mpaka kikohozi kipite. Wala haikuwa uadui. Ilikuwa heshima, na waliipenda wote wawili kama mtu anavyopenda nguo yake ya Jumapili.

Maneno yao yalipitia kwangu. Babu yuko upande huu wa ukuta wa jiko, mama yuko upande ule, wanasikiana vizuri kabisa, lakini lazima mimi niseme.

"Sekela, mwambie mama yako chumvi leo imezidi."

"Mama, Babu anasema chumvi imezidi."

"Mwambie babu yako chumvi ni ileile ya jana, labda ulimi ndio umezidi."

Basi namgeukia Babu nifikishe, naye ameshaanza kucheka.

Mama alikuwa mwalimu wa kwaya ya akina mama kanisani kwetu. Hakusomea popote. Alikuwa na sauti na sikio, na alikuwa na ile njia ya kuinua mikono inayomfanya hata mtu mwenye kiburi afungue mdomo. Kazi ile ilimfaa mkwe kuliko kazi zote duniani, maana mwalimu wa kwaya anawatazama waimbaji na kuwapa waumini mgongo. Babu alikaa benchi la wazee wa kanisa kwa amani, mkwe wake akiwa mbele ya macho yake na hakuna desturi iliyovunjika. Mazoezi yalifanyikia uani kwetu kila Jumamosi alasiri. Siku hiyo Babu alihamishia kiti chake nyuma ya nyumba, kwenye kona isiyoonekana kutoka uani, eti anaangalia kakao aliyoanika. Kakao ilikuwa imeanikwa mbele ya nyumba.

Mwaka huo kwaya ikaalikwa kwenye mkutano wa kwaya Matema. Haikuwahi kualikwa kabla. Mwenyekiti, Mama Tupo, mwanamke mwenye kifua na sauti na asiyekuwa na dogo, akasema haendi Matema na watu waliovaa kila mtu lake. Akaenda Mbugani kwa Mzee Shomari, mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka Pwani, mwenye maneno matamu kiasi kwamba ukiingia kununua uzi unatoka na godoro. Akarudi na jora zima. Kitenge cheusi na cheupe, mistari myembamba ya kupindapinda imebanana tangu pindo hadi pindo. Mzee Shomari alikuwa amekipa jina palepale: Mawimbi ya Nyasa. Wanawake walipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Siku hiyo mama alikuwa shambani, hakukiona. Alikuja kukiona siku ya mazoezi, kimeshashonwa magauni na vilemba, na kwaya nzima imo ndani yake.

Hebu fikiria. Wewe ndiye mwalimu. Unasimama mbele ya safu za wanawake waliovaa mistari ile, wamesongamana, na kwaya zetu hazisimami tuli, zinayumba kulia, zinayumba kushoto. Mimi mwenye macho mazima niliona nguo inatambaa. Mama aliinua mikono, akatoa sauti ya kuanzia, ubeti wa kwanza ukaenda. Katikati ya ubeti wa pili nikamwona anageuza shingo. Halafu kanga ikapanda usoni. Mikono ikaendelea kidogo peke yake, ikapotea njia, na wimbo ukafa. Akasema tupumzike. Jumamosi iliyofuata ikawa hivyohivyo. Na Mama Tupo, kwa kujionyesha, alianza kukivaa kitenge kile hata sokoni, ikawa mama akimwona kwa mbali barabarani anachepuka anaingia kwenye migomba, kanga kichwani, uso kando.

Sasa mimi jambo hilo nililijua. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Duniani kote mama alimfanyia hivyo mtu mmoja tu, Babu, kwa sababu ni mkwe wake. Kwa akili yangu hesabu ikakaa sawa kabisa: Mama Tupo naye amekuwa mkwe. Na ukwe haushuki kutoka mbinguni, lazima kuna anayeolewa. Nyumbani kwetu mtoto wa kike nilikuwa mimi peke yangu. Kwa Mama Tupo kulikuwa na Ambokile, tuliyesoma naye darasa moja, mvulana ambaye makamasi yake yalikuwa na ratiba yake. Mwe! Nililia mpaka nikakosa hamu ya kula. Nikaona watu wazima wameniuza kimyakimya, na sare zile ndizo nguo za harusi yangu.

Nikapiga moyo konde. Wakati wa mapumziko nikamfuata Ambokile mbele ya wenzake nikamwambia, "Sikutaki! Hata wakubaliane wao, mimi sikutaki!" Maskini, alikuwa anakula muwa. Alibaki nao mdomoni. Akaenda kumwuliza mama yake ni nini hicho asichotakiwa, na alasiri hiyohiyo Mama Tupo akafika kwetu, na amevaa kitenge.

"Ugonile, Mama Sekela."

"Ndaga," mama akaitikia. Alikuwa anapepeta mchele, na macho hakuyatoa kwenye ungo.

"Nitazame."

"Nakusikia, dada. Sema tu."

"Binti yako amemkataa mwanangu kana kwamba sisi tumekuwa wakwe. Nimecheka. Halafu nikaacha kucheka, maana kweli unanikwepa kama mkwe. Barabarani unaingia migombani. Kwenye mazoezi unafunika uso. Watu wanasema una kiburi, umealikwa Matema sasa hututaki hata kututazama. Nimekukosea nini?"

Mama akaweka ungo chini. "Hujanikosea. Ni kitenge."

"Kitenge kimefanya nini?"

"Kinanipiga macho. Mistari ile inatembea. Nikiitazama kidogo tu vinakuja, halafu kichwa."

Mama Tupo alijitazama mbele, akajipindua akajitazama nyuma. "Kitenge kinaumiza kichwa? Mbona mimi nimekivaa wiki nzima na kichwa changu kizima?"

"Wewe hukitazami. Umo ndani yake."

Mimi nilicheka. Mama Tupo hakucheka. Alisema nguo zimeshashonwa na hazifumuliki. Alisema, na sauti yake haikuwa ya ubaya, kwamba kwaya haiwezi kuongozwa na mtu asiyeweza kuitazama, na Matema hawawezi kwenda kuaibika. Kama Jumamosi mama hataweza kuwasimamia mpaka wimbo uishe, watamwomba mke wa mchungaji awashikie. Mke wa mchungaji alikuwa mtu wa Mungu kweli, lakini sauti yake, anisamehe huko aliko, ilikuwa mlango usiotiwa mafuta.

Alipoondoka nikamweleza mama habari ya ndoa yangu na Ambokile. Mama alicheka mpaka akashika ukuta, akacheka mpaka machozi, halafu machozi yakabaki na kicheko kikaisha. "Sekela," akaniambia, "wakinitoa kwenye kwaya nitabaki na nini? Nitabaki na kichwa tu."

Wengine wangekata tamaa. Yeye alichukua gauni lake la sare, akalitundika kwenye kamba ya nguo uani, jua kali, akakaa kwenye kigoda mbele yake akaanza kulitazama. Alitaka kujizoesha, kama mtu anavyozoea maji baridi kwa kuingiza mguu kidogo kidogo. Anatazama, anafumba, anatazama tena. Midomo inamtetemeka, jasho linamtoka, na yeye amekaa palepale anabishana na nguo. Nilimwambia mama acha. Akasema bado kidogo. Sijawahi kuona ushujaa wa namna ile, na nimeona watu wakijitosa ziwani kuwaopoa wenzao. Aliendelea mpaka alipodondoka magotini na kutapika, ndipo akatambaa kwenda chumbani. Siku ya pili alitafuta miwani ya jua ya baba, ile aliyovaa melini, akaikabili nguo nayo. Mistari ikawa myeusi zaidi, basi. Siku ya tatu hakuweza kuinuka. Ilikuwa Ijumaa.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba, kwenye kivuli, chini ya dirisha lililozibwa gunia, namsikiliza anavyopumua. Babu akaja na kiti chake. Akakaa mbali kidogo, akakohoa ili mama ajue yupo.

"Sekela, mwambie mama yako habari ya kitenge nimeisikia. Mwanamke yule akinong'ona anasikika Itungi."

"Mama, Babu anasema amesikia."

Ndani kitanda kikalia.

"Mwambie, tangu aje hapa kuolewa sijauona uso wake. Nikikutana naye Mbeya nitampita kama mgeni. Lakini nimekula chakula chake, nimeumwa akaniuguza kupitia mlangoni, ameniudhi na mimi nimemwudhi, na yote tumeelewana. Kutazamana kwetu kulikuwa wapi? Mwambie awape mgongo."

Nikamfikishia. Sauti ya mama ikatoka nyuma ya gunia la dirishani, dhaifu lakini yenye pilipili yake. "Mwambie babu yako mwalimu wa kwaya huwapa mgongo waumini, si waimbaji."

"Mwambie mama yako, nani kaandika?" Babu akainuka, akachukua kiti. Alipofika kwenye kona akasimama. "Na mwambie kwenye ule wimbo wa Matema sauti ya pili wanaburuta. Wananikera."

Nilisikia mama anacheka gizani mle, kicheko kidogo cha mtu anayeogopa kutikisa kichwa chake.

Jumamosi alitoka, uso umemwiva kwa maumivu ya jana. Wanawake wamesimama katika mawimbi yao. Hakuwatazama. Akasema, "Leo mimi sitawaona. Ninyi mtaniona," akageuka akawapa mgongo, akainua mikono. Wakacheka. Mama Tupo alikuwa amekunja mikono kifuani. Mara ya kwanza waliingia ovyo, kila mtu na mlango wake, na mama akawasimamisha kwa kiganja kimoja. Mara ya pili, bila kugeuka, akasema, "Mama Tupo, umechelewa kuingia." Mara ya tatu akasema, "Sauti ya pili, mnaburuta." Weee! Walitazamana. Mgongo ule ulikuwa unasikia! Kumbe muda wote macho yake yalikuwa yanapigana vita vyao, na sasa yalipopata likizo masikio yalibaki na nafasi yote. Walimfuata mabega, walimfuata viwiko, walifuata hata pumzi yake ilivyoinua kitambaa mgongoni, na wimbo ukafika mwisho ukiwa mzima. Mama Tupo akavuta pumzi. "Haya. Sasa hata kupiga miayo hatuwezi. Ndaga fijo, mwalimu, asante sana."

Matema tulikwenda kwa lori la kubebea mpunga, tumeimba njia nzima. Mkutano ulifanyika nje, ufukweni. Watu waliwekewa viti na mabenchi wakielekea ziwani, na kila kwaya ilisimama mbele yao, maji nyuma yake. Ziwa siku hiyo lilikuwa linawaka. Mama alitembea ameshika kanga chini ya macho mpaka kwaya ilipojipanga, na mimi benchini nikawaza kwamba Babu amemwokoa mara mbili: akigeuka, atakuwa amevipa mgongo vyote viwili, kitenge na ziwa. Nilijiona mwenye akili sana.

Mama akageuka, akateremsha kanga mabegani, akainua uso.

Mbele kabisa, kwenye viti vya wazee wa kanisa walioletwa na gari jingine, alikuwa amekaa Babu.

Hakuna aliyekuwa amefikiria. Si mama, si mimi, wala Babu mwenyewe aliyelitoa wazo. Mwalimu anayewapa waimbaji mgongo anawapa watu uso, na katika watu hao yumo mkwe. Wanawake wa kwetu walivuta pumzi kwa pamoja, nikaisikia. Mama aliganda, mikono nusu juu. Nikaona vidole vinaanza kushuka kutafuta kanga. Akijifunika na kuondoka, kwaya imekwisha mbele ya umati ule. Akigeuka kwa waimbaji, mistari inamsubiri na maji yanawaka nyuma yake. Mke wa mchungaji, kwenye safu ya pili ya kwaya, alishaanza kujiweka sawa kilemba.

Babu akainuka. Hakuwa na haraka. Alikishika kiti chake cha mbao kwa mkono mmoja, fimbo kwa mwingine, akakigeuza mchangani mpaka kikaelekea milimani, akakaa. Mgongo kwa mkwe wake, mgongo kwa ziwa, uso kwetu sisi sote. Watu wakaguna, watoto wakacheka. Mzee mmoja wa Matema akainama akamgusa bega kwa adabu.

"Mzee, kwaya iko huku."

"Naisikia," Babu akasema.

Na mama akatoa sauti ya kuanzia. Nimesikia kwaya nyingi tangu siku ile, nyingine zimesoma, nyingine zina vinanda, na nasema bila aibu kwamba sijasikia tena kitu kama kile. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyeburuta. Mimi nilikuwa benchi la nyuma ya viti vya wazee, kwa hiyo niliwaona yeye na Babu kwa pamoja: Babu amekaa wima mbele ya halaiki ya watu, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni na wala hayapangusi, na nyuma ya kichwa chake mama yangu, uso wote wazi, bila kanga, anaimba.